Kupima uzito wa gari-nyumba lililopakiwa, kona kwa kona, ili ujue upepo wa kujaza

Watu wengi hupima gari-nyumba, yaani gari lenye vitanda na jiko ndani, mara moja tu, wakaona jumla haijavuka kiwango cha kibao cha mtengenezaji, wakaondoka wameridhika. Jumla ni muhimu kwa sheria, breki na springi, lakini haikuambii tairi ya nyuma kushoto imebeba kilo ngapi, na tairi hiyo ndiyo itakayopasuka. Mwongozo huu unalenga kupata uzito wa kila kona, kisha kuugeuza kuwa upepo.

Hatua ya 1: Pakia kama unaondoka kesho

Jaza dizeli na maji safi, weka mitungi ya gesi, vyombo, nguo, baiskeli, zana na chakula. Abiria wakae kwenye viti vyao wakati wa kupima, na mbwa awe ndani pia. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 100 ni sawa na mtu mzima mnene. Ukilipima likiwa tupu, vipimo vyako ni vya safari nyingine.

Hatua ya 2: Andika namba za kibao na za ubavuni mwa tairi

Kwenye kibao cha mtengenezaji chukua uzito wa juu wa gari zima, wa ekseli ya mbele na wa ekseli ya nyuma. Usishangae ekseli mbili zikijumlishwa kuzidi ule wa gari zima. Gari la kilo 3,500 linaweza kuruhusiwa 1,850 mbele na 2,000 nyuma, na viwango vyote vitatu vinakubana kwa wakati mmoja.

Ubavuni mwa tairi tafuta namba mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju, kwa mfano 107/105. Ya kwanza ni ya tairi inayosimama peke yake, ya pili ni ya tairi pacha, yaani mbili zilizofungwa pamoja upande mmoja wa ekseli. Ni namba za jedwali, hazisomwi kama kilo: 107 ni kilo 975, 105 ni 925, 109 ni 1,030, 112 ni 1,120, 121 ni 1,450. Tazama pia tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na herufi DOT, papo hapo ubavuni. 2319 maana yake tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za magari haya huzeeka zikiwa zimesimama, kashata (meno ya tairi) bado ndefu, kwa hiyo usiamini macho peke yake.

Hatua ya 3: Pima

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika.

Kwenye mizani ya malori anza na vipimo vitatu: gari zima, ekseli ya mbele peke yake, ekseli ya nyuma peke yake. Usikadirie ya nyuma kwa kutoa mbele kwenye jumla. Ipime, kisha linganisha. Mizani nyingi za malori husoma kwa hatua za kilo 20, kwa hiyo tofauti ya kilo 20 hadi 40 kati ya jumla na ekseli mbili ni ya kawaida. Zaidi ya hapo, rudia.

Kila ukisimama, weka nyutro, subiri gari litulie, na kama pako tambarare achia breki zote. Breki iliyokaba huzipindisha springi na kuhamisha uzito kati ya ekseli. Gari lenye springi za upepo liwe kwenye kimo cha safari, na vyumba vya kusukuma nje viwe vimerudishwa ndani.

Halafu pima pande. Sogeza gari pembeni hadi tairi za upande mmoja tu wa ekseli ziwe juu ya mizani na za upande mwingine ziwe nje. Hili linawezekana tu kama sakafu ya nje iko usawa mmoja na jukwaa la mizani. Gari-nyumba ni refu kwenda juu, kwa hiyo mwinamo mdogo unadanganya sana. Upande wa nje ukiwa chini kwa sentimita 6 kwenye gari lenye upana wa mita 1.8 kati ya tairi, ekseli ya kilo 1,900 huhamisha takribani kilo 40 kwenda upande wa chini, na springi zikilala huongezeka. Jukwaa lililoinuka kutoka ardhini usilitumie kabisa kwa kupima pande.

Namna ya kugundua uongo huo: pima kushoto, geuza gari, pima kulia, kisha jumlisha. Kushoto na kulia vikipungua sana kuliko ekseli nzima, sakafu ya nje iko chini. Vikizidi, iko juu. Vikilingana ndani ya kilo 40, amini namba zako.

Mizani ndogo za kuweka chini ya tairi napendelea zaidi, mradi ziwe nne kwa pamoja. Ukiwa na moja tu, weka mbao za unene uleule chini ya tairi nyingine zote. Mizani ya sentimita 5 chini ya tairi moja huinua kona hiyo na kuipa uzito usio wake.

Tuchukue mfano. Gari zima 3,420, mbele 1,500, nyuma 1,920. Kwenye kibao kile cha hatua ya 2, kila kitu kiko ndani. Kwa wastani kila tairi ya nyuma ingebeba 960, na tairi ya 107 ingetosha. Lakini pande zikipimwa, kushoto ni 1,030 na kulia 890, kwa sababu jiko, friji na tangi la maji vyote viko kushoto. Tairi ya kushoto imezidiwa kilo 55, na hakuna upepo utakaoirekebisha. Hapo unahamisha mizigo au unanunua tairi yenye uwezo zaidi.

Angalia pia kilichoning'inia nyuma. Pikipiki ya kilo 120 kwenye kibebeo kilicho mita 2 nyuma ya ekseli, kwa gari lenye mita 4 kati ya ekseli, huongeza kilo 180 nyuma na kupunguza 60 mbele. Usukani ukiwa mwepesi kupita kiasi, anza kuchunguza hapo. Ukihamisha chochote, pima upya.

Hatua ya 4: Geuza kilo kuwa upepo

Tafuta jedwali la mtengenezaji wa tairi kwa saizi hasa uliyonayo. Chukua upande mzito wa kila ekseli, na kama ni pacha ugawanye kwa mbili usome safu ya pacha. Upepo utakaopata ni wa chini kabisa, kwa hiyo ongeza psi 5 (psi ni kipimo cha upepo kwenye geji). Tairi zote za ekseli moja hupata upepo uleule, hata za upande mwepesi.

Usijaze hadi kiwango cha juu cha ubavuni kwa mazoea. Tairi ngumu kupita mzigo wake hulika katikati na hushika barabara vibaya. Wala usivuke kiwango cha rimu na cha valvu: valvu ya kawaida ya mpira ya TR413 mwisho wake ni psi 65. Ukihitaji 80, weka ya chuma.

Hatua ya 5: Jaza asubuhi

Tairi iwe imepumzika saa 3 au zaidi, bila jua kuipiga. Tumia geji yako mwenyewe, si ile ya mpira wa kituo cha mafuta. Upepo ukipanda barabarani usiupunguze, umepanda kwa joto. Kwenye pacha, tairi iliyopungua asilimia 20 ihesabu kama imekwenda bila upepo: ishushe na ikaguliwe ndani.

Spea jaza upepo wa ekseli inayohitaji zaidi. Kupunguza njiani ni rahisi, kuongeza kunahitaji kompresa.