Bando linaisha hujui limeendaje? Kagua simu hivi

Wateja wanaokuja kibandani kwangu wengi washakata shauri kwamba mtandao umewaibia bando, sikatai, ila kabla ya kupiga huduma kwa wateja hebu angalia kwanza simu yenyewe. Naongelea Android maana ndo wengi tunazo, na menyu nazitaja kama zinavyosomeka simu ikiwa kwa Kiswahili.

Hatua ya 1: Ingia Mipangilio, alafu Mtandao na intaneti, utafute Matumizi ya data. Usipoiona andika "data" kwenye kisanduku cha kutafuta kule juu, kila kampuni inaificha inapojua yenyewe. Inakuja orodha ya app, iliyokula zaidi iko juu. Watu wanaona YouTube inaongoza, wanaishia hapo. Usiishie hapo, bonyeza app moja moja, ndani utakuta mgawanyo: kiasi ulichotumia ukiwa umeifungua, na kiasi kilichoenda chinichini, yani simu iko mfukoni we unapiga stori zako. Hiyo ya pili ndo ya kuikagua. Kuna dada alileta simu analaani YouTube, kumbe Google Photos ilikuwa inapandisha video za harusi zote usiku kucha kwa data ya laini.

Hatua ya 2: Hapohapo zima data ya chinichini kwa app usiyoihitaji muda wote. WhatsApp iache, ukiizima meseji haziingii mpaka uifungue, utaanza kusema simu mbovu. Google Photos ingia mipangilio ya kuhifadhi nakala uikataze data ya simu. Play Store gusa picha yako pale juu, mipangilio, mapendeleo ya mtandao, uchague app zijisasishe kwa Wi-Fi tu.

Hatua ya 3: WhatsApp, sehemu ya Hifadhi na data, toa tiki kwenye picha, sauti, video na hati upande wa data ya simu, zisijishushe zenyewe. Voisi noti zitaendelea kujishusha, hizo hazizimiki. Washa pia ile ya kupunguza data kwenye simu za WhatsApp.

Hatua ya 4: Video. Ubora wa 1080p (wa juu) una nukta za picha mara 9 ya 360p (wa chini), sasa kwa kioo cha inchi 6 na unaangalia mtu mmoja kakaa anaongea, za nini zote hizo? Punguza ubora ndani ya YouTube. TikTok nayo inaanza kushusha video zinazofuata kabla hujazifikia, ukizipita ushalipia, washa kiokoa data chake.

Hatua ya 5: Ukirushia kompyuta ya Windows hotspot, iambie hiyo ni data ya kulipia (kwenye Wi-Fi, gusa jina la hotspot, uwashe "Metered connection"), la sivyo inajisasisha kwa bando lako.

Mwisho weka onyo na kikomo kwenye Matumizi ya data. Kikomo kiwe chini kidogo ya bando ulilounga, maana simu inahesabu kivyake na mtandao kivyake.