Tiba ya EMDR: Mambo Utakayokutana Nayo, Kikao kwa Kikao

Siku ya kwanza ya EMDR, tiba ya kumbukumbu zinazotesa inayotumia mwendo wa macho, hutafuata kidole chochote kwa macho. Utaulizwa maswali. Mtaalamu anayeanza kupunga mkono mbele ya uso wako kabla hajakujua vizuri ameruka sehemu inayokulinda, na una haki ya kuaga na kuondoka.

EMDR (hutamkwa i-em-di-ar, kifupi cha Kiingereza cha Eye Movement Desensitization and Reprocessing) ilianzishwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Francine Shapiro, ambaye alichapisha utafiti wake wa kwanza mwaka 1989. Unaikumbuka picha inayokutesa huku macho yakikifuata kidole cha mtaalamu kushoto na kulia, na taratibu picha ile inapungua makali. Wataalamu bado wanajadili sababu. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba akili hushindwa kubeba kazi mbili nzito kwa pamoja: inapokifuata kidole, inakosa nafasi ya kuishika picha kwa ukali wake wote, na picha inarudi kuhifadhiwa ikiwa imefifia. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2013 kwa watu wenye msongo unaotokana na kiwewe. Kwa wasiwasi wa aina nyingine ushahidi upo ila si mwingi kiasi hicho. Tiba hii husaidia zaidi pale wasiwasi unapokuwa na mzizi unaoonekana, kama mtu anayetetemeka kupanda gari tangu apate ajali.

Wengi huogopa kutoneshwa kidonda. Hofu hiyo ni ya haki, na ndiyo sababu ya maandalizi.

Maandalizi

Kikao cha kwanza, pengine hadi cha tatu, kitakuwa cha historia yako na mafunzo ya kujituliza. Sema ukweli kuhusu kifafa, maumivu ya macho, ujauzito, pombe, mawazo ya kujidhuru, na kama kuna nyakati unajiona uko nje ya mwili wako au unapotewa na saa nzima bila kujua ulikuwa wapi. Hilo la mwisho watu hulificha, na ndilo linaloharibu tiba kuliko yote: mtu wa namna hiyo akipelekwa haraka kwenye kumbukumbu hupotea humo badala ya kuichakata. Taja pia dawa unazotumia. Dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu zinaweza kuifanya kazi iwe ngumu, lakini usiziache ghafla kwa uamuzi wako, maana kuziacha hivyo kunaweza kuleta degedege. Na kama una kesi mahakamani ambayo utatoa ushahidi kuhusu tukio hilo, zungumza na wakili kabla ya kuanza, kwa sababu picha inaweza kufifia na maelezo yako yakahojiwa.

Kisha utafundishwa kupata mahali pa utulivu akilini. Chagua mahali pasipohusiana na marehemu wala ugomvi. Ufuo wa kwenu hautakufaa ikiwa ndipo ulipoagana na mtu uliyempoteza. Mtaalamu atapaimarisha kwa mwendo mfupi wa macho, wa polepole, kwenda na kurudi mara nne hadi nane. Ukiona mahali pale pameanza kuleta huzuni, sema, mtafute pengine. Utafundishwa pia kukumbatia kwa kipepeo: mikono inapishana kifuani, na viganja vinagonga kwa zamu kulia na kushoto. Mbinu hiyo ilizaliwa Acapulco, Mexico, baada ya kimbunga Pauline cha mwaka 1997.

Mtapatana ishara ya kusimamisha, kwa kawaida mkono ulioinuliwa. Neno peke yake halitoshi. Ukisema "acha!" katikati ya kumbukumbu, mtaalamu hawezi kujua kama unamwambia yeye au unamwambia aliyekuumiza.

Kuipanga kumbukumbu

Tuseme ulianguka na bodaboda. Utaombwa picha moja iliyo mbaya kupita zote: taa za lori zikikujia. Halafu maneno unayojiambia juu yako ukiitazama sasa: "Sina uwezo wa kujiokoa." Hapa watu hukosea kwa kutaja tukio, "Nilivunjika mguu," ilhali kinachotakiwa ni imani juu ya nafsi. Kisha imani ambayo ungependa ichukue nafasi yake, kwa mfano "Yamepita, sasa niko salama." Iwe kitu kinachowezekana, "Sitapata ajali tena kamwe" hakuna awezaye kuiahidi. Utaipima hiyo imani mpya kwa 1 hadi 7, kadiri moyo unavyoiamini, hata kama kichwa kinasema vingine. Mwisho utataja hisia, kiwango cha usumbufu kwa 0 hadi 10, na sehemu ya mwili inayobana.

Toa namba ya kweli. Kumpunguzia mtaalamu namba ili afurahi kunafunga kazi kabla haijaisha.

Kuchakata

Viti huwekwa upande kwa upande, kama watu wanaopishana njiani, na mkono wa mtaalamu unakuwa sentimita 30 hadi 35 kutoka usoni pako. Kichwa kinatulia, macho pekee yanasogea. Mkupuo mmoja huwa kwenda na kurudi mara 24 hivi, kama nusu dakika. Kisha: "Vuta pumzi. Umepata nini?" Jibu kwa sentensi moja. "Kifua kinabana." "Nimemkumbuka baba." "Hakuna kitu." Yote ni majibu, na huhitaji kusimulia tukio lote. Kaa kama abiria wa dirishani kwenye basi: mandhari yanapita, wewe unatazama. Machozi, jasho na miguu kutetemeka ni kawaida.

Macho yakiuma au kizunguzungu kikikushika, omba kugongwa viganjani au kusikiliza mlio wa zamu masikioni. Picha ileile na namba ileile zikijirudia mikupuo miwili mitatu, kazi imekwama, mtaalamu atabadili mwelekeo au kasi, au atauliza swali fupi kama "Ulikuwa na miaka mingapi wakati ule?" Mara nyingi swali hilo moja huondoa lawama ambayo mtu ameibeba tangu utotoni. Ukianza kuganda au kuona chumba kiko mbali, inua mkono.

Usumbufu ukishuka hadi 0, imani mpya inaimarishwa mpaka ifike 7, kisha unaupitia mwili kutoka utosini hadi nyayo kutafuta kilichobaki. Mara nyingi havikamiliki vyote kwa kikao kimoja cha dakika 60 hadi 90. Lakini dakika kama kumi za mwisho zisiguswe: ni za kuifungia kumbukumbu kwenye sanduku la kuwazia na kurudi kwenye utulivu. Usikubali kutolewa mlangoni ukiwa bado unatetemeka.

Siku zinazofuata

Kwa siku mbili tatu unaweza kuota ndoto kali, kuchoka, kuumwa kichwa, au kukumbuka mambo mengine. Siku ya kikao usikimbilie kuendesha chombo, usinywe pombe, na uamuzi mkubwa usubiri. Andika mistari michache: kilichokushtua, picha iliyokuja, hisia, namba. Kikao kijacho kitaanzia hapo. Mawazo ya kujidhuru yakija, usisubiri kikao: mpigie mtaalamu au nenda hospitali ya karibu.

Tukio moja la ukubwani huweza kuhitaji vikao vitatu hadi sita. Miaka ya mateso utotoni huchukua miezi, na anayekuahidi upesi anakudanganya. Tukio la zamani likitulia, bado kuna vichochezi vya leo, kama honi ya lori, na zoezi la kesho: unajiona ukipanda bodaboda, hatua kwa hatua, hadi mwili utulie.

Unapomtafuta mtaalamu, uliza kama ana leseni ya afya ya akili na alifunzwa wapi. Kwa kipimo cha chama cha EMDR cha Marekani, mafunzo ya msingi ni saa 20 za darasani, 20 za mazoezi yanayosimamiwa na 10 za kupitia kazi yake na mshauri; semina ya wikendi moja haifiki hapo. Video za kipira kinachokwenda huku na huku mtandaoni usizitumie kufukua kumbukumbu nzito ukiwa peke yako. Tiba kwa njia ya simu ya video inawezekana, kwa kujigonga mwenyewe au kufuata kitone kwenye skrini. Hakikisha mlango unafungwa, mtaalamu anajua ulipo na ana namba ya mtu wa karibu nawe, na mmekubaliana mapema nani atampigia nani mtandao ukikatika.