Somo: Mita ngapi zinatosha kumpiga kulungu kwa upinde wa kifyatulio?

Wanaoanza huniuliza kila mara upinde huu unapiga mpaka mita ngapi. Upinde wa kifyatulio, ule wenye kitako kama bunduki, unaweza kurusha mshale zaidi ya mita 200, lakini hilo halimhusu kulungu. La kujiuliza ni wewe mwenyewe, kwa mkono wako na jicho lako, unaweza kuupeleka mshale kwenye moyo au mapafu kutoka wapi bila kubahatisha. Mshale hauui kwa kishindo kama risasi. Unaua kwa kukata, damu ikatoka. Ukikosa mapafu, mnyama anaondoka na jeraha, na pengine atakufa baada ya siku kadhaa, kichakani, mbali na wewe.

Hatua ya 1: Sahani ya karatasi

Eneo la moyo na mapafu la kulungu mkubwa ni duara la sentimita 20 hadi 25 hivi. Tumia sahani ya sentimita 15 kama shabaha, ili pengo linalobaki likufidie usiyoyatarajia. Anza mita 15. Piga mshale mmoja tu asubuhi, hujapasha mkono moto, umevaa koti lako la kuwindia na umekaa kama utakavyokaa porini. Kisha weka upinde chini mpaka kesho.

Mishale unayopiga baadaye, mkono ukishazoea, usiihesabu. Kulungu anakutana na ule wa kwanza. Ukipata sahani asubuhi kumi mfululizo, rudi nyuma mita 5 uanze kuhesabu upya. Siku utakayokosa, umbali wako ni ule wa kabla ya hapo. Na tumia chembe (vichwa vya mshale) zilezile za kuwindia, kwa sababu mara nyingi hazifuati njia moja na chembe za mazoezi.

Hatua ya 2: Jua kosa la macho linakugharimu kiasi gani

Chukua mshale unaokwenda mita 100 kwa sekunde, yaani futi 330 hivi kama zinavyoandikwa kwenye maboksi. Kulungu yuko mita 25, wewe ukadhani ni 20: mshale utatua sentimita 6 chini ya ulipolenga. Bado uko ndani ya mapafu. Yuko mita 40 ukadhani 35: sentimita 10 chini. Yuko 50 ukadhani 45: sentimita 12, na hapo sijaweka hewa inayopunguza kasi. Kosa ni lilelile la mita 5, ila kadiri unavyokwenda mbali ndivyo linavyozidi kukutoa nje ya mapafu. Nunua kipima umbali cha leza kabla ya kununua darubini ya gharama.

Hatua ya 3: Sauti inafika kabla ya mshale

Hapa ndipo wengi tunapoumiza wanyama, na mimi nimo. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Kwenye mita 20, mshale unachukua sekunde 0.2 na mlio wa upinde 0.06, kulungu anabaki na sekunde 0.14, na sehemu kubwa inaisha kabla mwili haujaanza kuitikia. Kwenye mita 40 anabaki na 0.28. Kulungu akishtuka hukunja miguu kwanza ili aruke, kwa hiyo kifua kinashuka. Kitu kinachoanguka huru hushuka sentimita 20 kwa sekunde 0.2 tu. Ulipolenga mapafu sasa ni mgongo, au hewa tupu.

Nilimpiga jike mita 43. Sahani yangu ilikuwa inaruhusu. Alikuwa ameinua kichwa, sikio moja limegeukia upande wangu, nami nikaliona sikio lile na bado nikafyatua. Mshale nilioukuta ardhini ulikuwa na nywele ngumu za kijivu zenye ncha nyeusi, nywele za mgongoni, na damu kidogo tu. Nilifuata matone mpaka yakakatika. Nilirudi kesho yake na keshokutwa. Sikumpata, na tangu hapo mwisho wangu ni mita 30 kwa mnyama aliyetulia anayekula. Akiinua kichwa kwa mashaka, ninashusha mpaka 20 au ninaacha kabisa.

Hatua ya 4: Punguza, usiongeze

Upepo wa pembeni, giza la magharibi, pumzi inayokwenda mbio, mkao mbaya: kila kimoja kipunguze mita 5. Hakuna siku inayokuongezea.

Hatua ya 5: Weka alama kabla hajaja

Ukishapanda dunguni, yaani kwenye jukwaa lako la kuvizia mtini, pima mti huu, jiwe lile, ukingo wa njia. Kariri kilicho kwenye mpaka wako. Angalia pia vijiti vilivyo katikati, maana mshale hupita njia iliyopinda na unaweza kugonga tawi ambalo darubini haikuonyeshi.

Maswali

*Shikamoo mwalimu. Upinde wangu unatoa mita 130 kwa sekunde. Siwezi kuongeza umbali?*

Marahaba. Kasi inakusaidia kwenye kosa la kukadiria: ile sentimita 10 ya mita 40 inakuwa kama 6. Lakini mshale bado unatumia sekunde 0.3 kufika, na kulungu anayetembea taratibu, mita moja kwa sekunde, atakuwa amesogea sentimita 30. Umelenga mapafu, umepiga tumbo. Kasi haijui kwamba atapiga hatua.

*Yuko mita 15 tu, ila amenikabili kifua. Nipige?*

Hapana, ndugu yangu. Mfupa ni mwingi na upenyo ni mdogo. Subiri akupe ubavu, au ageuke mshazari akielekea mbali nawe. Asipogeuka, mwache aende.

*Nikiwa dunguni, nipime umbali mpaka kwa mnyama au mpaka chini yake?*

Mshale unashuka kwa kadiri ya umbali wa mlalo. Ukiwa juu mita 6 na yeye yuko mita 15 kutoka shina la mti wako, kipimo cha mshazari ni 16 na kidogo; tofauti ni ndogo. Angalia zaidi pembe: akiwa karibu sana chini yako, mshale unaweza kukata pafu moja tu.

*Nikishapiga, nimfuate lini?*

Angalia mshale kwanza. Damu nyekundu ya kung'aa yenye povu ni mapafu. Subiri nusu saa. Ukiona kijani au kahawia chenye harufu ya tumbo, ondoka kimyakimya umwache kwa muda wa saa 8 hadi 12. Ukimfukuza mapema atainuka na kwenda mbali, na huenda asiache damu ya kufuata.

*Mwalimu, sahani yangu imegoma kwenye mita 20, wenzangu wanapiga 40. Niache kuwinda?*

Usiache. Mita 20 zinatosha. Tafuta njia wanayopita, uone kwato na mavi mabichi, kisha hamisha dungu lako liwe mita 15 kutoka hapo, upande ambao upepo unatoka kwao kuja kwako.