Namna ya Kuandaa Betri Kuukuu za Lithiamu Kisiwani Lamu

Betri ya lithiamu iliyokufa ndani ya simu au taa ya sola haijapoteza madini yake. Kilichochoka ni uwezo wa madini hayo kupokea na kutoa umeme. Kobalti au nikeli, kwa betri zilizo nazo, pamoja na shaba na lithiamu zingali mle mle. Mwongozo huu umeandikiwa fundi wa simu au wa sola aliye Lamu, na una mpaka mmoja: kazi ya fundi ni kukabidhi seli, yaani vipande kimoja kimoja vinavyounda betri, zikiwa nzima, kavu, zilizotengwa kwa aina, na kazi ya kuzipasua ni ya kiwanda.

Mpaka huo una sababu. Ndani ya seli ya duara mna karatasi mbili ndefu zilizoviringishwa pamoja kama mkeka. Moja ni ya alumini iliyopakwa unga mweusi wenye lithiamu, nayo ndiyo elektrodi chanya, yaani upande wa chanya wa seli. Ya pili ni ya shaba iliyopakwa grafiti, ambayo ni aina ya kaboni, nayo ndiyo hasi. Baina yao hupita utando mwembamba wa plastiki, na vyote vimelowa kimiminika kinachoshika moto upesi, chenye chumvi ya lithiamu na florini ambayo ikikutana na unyevu huzaa asidi inayopenya ngozi hadi mfupani. Hewa ya kisiwani haikosi unyevu, kwa hiyo anayepasua seli barazani kwake hapa anajitafutia balaa, hata akiwa na glavu.

Kutenga aina ndiko kunakoipa kazi hii thamani. Katika unga safi wa kobalti, ambao ulitumika sana katika simu na kompyuta za mkononi, kila gramu 100 huwa na takriban gramu 60 za kobalti na gramu 7 za lithiamu. Unga wa chuma na fosfati, unaopatikana katika taa nyingi za sola, hauna kobalti wala nikeli hata chembe, na ukichanganywa na ule wa kwanza hupunguza thamani ya mzigo wote. Soma maandishi ya ganda: ICR ni seli ya kobalti, INR huwa na nikeli, na IFR ni ya chuma. Herufi zikiwa zimefutika, tazama volti zilizoandikwa, kwani 3.2 huonyesha chuma, na 3.6 au 3.7 huonyesha jamii ya kobalti na nikeli. Vibetri vya saa vyenye herufi CR vina lithiamu ya metali. Viwekee chombo chake.

Kiwandani seli husagwa mahali palipodhibitiwa hewa, kisha ganda, shaba na alumini hutengwa na unga mweusi. Njia mojawapo huuyeyusha unga huo katika asidi ya salfuriki pamoja na haidrojeni peroksidi, halafu metali hutolewa moja baada ya nyingine. Lithiamu mara nyingi hutolewa mwishoni, kwa kutiwa kaboneti ya sodiamu, ambayo hutengenezwa kutokana na magadi yanayochimbwa katika Ziwa Magadi, na lithiamu huzama kama mashapo meupe. Njia ya tanuru hupata kobalti, nikeli na shaba kwa urahisi, ila lithiamu huishia katika takataka za tanuru.

Kabla ya kuhukumu kwamba seli imekufa, ipime kwa mita. Katika betri ya kompyuta mara nyingi seli moja au mbili tu ndizo mbovu. Hata hivyo, seli iliyokaa muda mrefu chini ya volti 2 usiichaji tena, kwa maana volti zikikaribia sifuri shaba ya elektrodi hasi huyeyuka, na ukiirudishia chaji huganda ovyo ndani na kuunganisha pande mbili. Hiyo ipeleke moja kwa moja kwenye chombo cha kuchakatwa.

Seli nzima zenye chaji zimalizie kwa balbu ya gari ya volti 12, nje kivulini, juu ya sakafu ya saruji, moja moja, mpaka mita isome karibu 2.5. Ukitoa balbu volti hupanda kidogo, basi rudia. Wapo wanaozitumbukiza katika maji ya bahari kwa kuwa ni ya bure. Mimi siwaungi mkono, kwa sababu chumvi hula ncha za seli, maji yakaingia, na unarudi kwenye asidi ile ile. Iliyovimba au iliyotoboka usiiguse kwa balbu. Izike katika ndoo ya mchanga mkavu, usio wa ufuoni, mbali na paa la makuti.

Funika ncha za kila seli kwa tepu ya umeme, uzipange katika chombo cha plastiki kisichobana, na uandike aina juu yake. Sheria ya Kenya inamtaka msafirishaji wa taka awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya nchi, kwa hiyo patana naye kabla mzigo haujatoka kisiwani. Njiani hadi jeti ya Mokowe, upande wa bara, chombo kifunikwe kisirushiwe maji ya chumvi, kiwe mbali na mitungi ya petroli, na nahodha aambiwe waziwazi alichobeba.