Zulia la Ekaristi la vumbi la mbao kama la Wabrazili, kwa vitu vya hapa hapa Mwanza

Wanajumuiya wenzangu wa Mwanza, sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo huwa tunapamba njia kwa vitenge na matawi, inapendeza, ila mwaka huu naomba tujaribu wanavyofanya Brazil mana vifaa vyote tunavyo na pesa inayotoka ni kidogo sana.

Kule sikukuu ni Alhamisi, siku 60 baada ya Pasaka, na watu wanakesha au wanadamka alfajiri kutandaza barabarani vumbi la mbao lenye rangi, wanachora kikombe, hostia, njiwa, mkate na zabibu, alafu maandamano yanapita juu yake. Desturi walienda nayo Wareno. Miji ya Castelo na Matão inasifika kwa hilo, na kule Ouro Preto, mji ulioinuliwa na dhahabu kama Geita yetu, wanatandika hivyo hata usiku wa kuamkia Pasaka, na mpaka leo wanakumbuka maandamano makubwa ya mwaka 1733 Ekaristi ilipohamishiwa kanisa la Pilar.

Sisi tunaadhimisha Jumapili kwa iyo kazi ya kutandika ni Jumamosi usiku, ila vumbi lianze kutafutwa wiki nzima kabla. Nenda kwa mafundi seremala, waambie unataka lile laini la msumeno, sio maranda yaliyojikunja ya wafuga kuku, alafu chekecha. Mbao nyeupe kama paina ndo inashika rangi vizuri. La mninga liweke pembeni, lina wekundu wake tayari, ni zuri kwa msalaba.

Kupaka rangi ndo penye kazi, msiharakishe. Chukua rangi ya unga ile ya kupaka ukili wa mikeka, koroga kwenye ndoo ya maji, vaa glovu, mimina kidogo kidogo kwenye vumbi huku mwenzako anageuza kwa mikono, ukifumbata kiganjani lishikane lakini lisidondoshe maji, likidondosha ongeza vumbi. Anika kwenye turubai kivulini, ligeuze geuze, lisikauke kabisa mana likikauka upepo wa ziwa unalibeba lote.

Rangi nyingine hazinunuliwi. Nyeusi ni vumbi la mkaa. Njano ya dhahabu ni pumba za mpunga zilivyo, bila kupaka kitu. Kahawia Wabrazili wanatumia machicha ya kahawa, sisi majani ya chai yaliyochujwa yakianikwa yanafaa kabisa. Nyeupe wao wanasaga maganda ya mayai, na hapa mjini hakuna mtaa usio na muuza chipsi mayai, muachieni ndoo mapema, mkiyapata yaosheni vizuri yasinuke, yaanikeni, twangeni kwenye kinu, hostia ikitandikwa kwa maganda yale inang'aa mpaka unafurahi. Chokaa siipendekezi, inaunguza macho na watoto watakuwepo.

Paroko akikubali, nendeni kwa mtendaji wa mtaa muombe njia ifungwe, bila hivyo bodaboda zitapita katikati. Kila jumuiya ipewe kipande chake, Brazil pia vikundi na shule wanagawana hivyo hivyo, na VIWAWA, yaani vijana wetu Wakatoliki, wenye mkono wa kuchora wapite kwa wote. Fagia, mwagia lami maji kidogo, chora kwa chaki, picha kubwa na rahisi. Jaza kuanzia katikati kurudi pembeni ili usikanyage kazi yako, herufi na maua tumieni kadibodi iliyokatwa umbo, mnamwaga juu mnainua taratibu. Asubuhi nyunyizieni maji, sio kumwaga.

Maandamano yawe mapema upepo wa mchana haujaanza. Padre aliyebeba monstransi, kile chombo cha kuonyeshea Ekaristi, ndo awe wa kwanza kukanyaga, watoto wa kutupa maua wapite pembeni, waumini wafuate nyuma yake, na msimzuie mtu asikanyage eti picha itaharibika, zulia limetandikwa lipitwe.

Yakiisha tu, fagieni siku hiyo hiyo, mvua ikiwahi rangi yote inaingia mitaroni, inashuka Mto Mirongo mpaka ziwani. Vumbi la rangi lijazwe kwenye viroba liende dampo, msiwape wafuga kuku. Pumba, chai na maganda ya mayai yasiyochanganyika na rangi, apewe mwenye bustani.