Namna ya Kutumia Matokeo ya Utafiti Katika Utengamao wa Mgonjwa wa Kiharusi

Mtaalamu wa fiziotherapia anayetaka kazi yake iongozwe na utafiti hana budi kuanzia kwa mgonjwa aliye mbele yake. Swali kama "mazoezi yanasaidia baada ya kiharusi?" ni pana mno, na atakayelitafuta ataletewa maelfu ya makala asijue ashike ipi. Uliza hivi: mgonjwa aliyepata kiharusi jana, je, akiinuliwa mara nyingi kwa muda mfupi mfupi atajitegemea vizuri zaidi baada ya miezi mitatu kuliko akiinuliwa mara moja kwa muda mrefu? Liandike swali hilo kabla hujafungua kompyuta, likimtaja mgonjwa, tiba, tiba inayolinganishwa nayo, na badiliko ambalo mgonjwa mwenyewe analitamani.

Pa kutafutia si pagumu kupata. Hazina ya mtandaoni ya tafiti za fiziotherapia iitwayo PEDro, iliyoanzishwa Sydney mwaka 1999, inatumika bure na huyapa majaribio ya fiziotherapia alama kuanzia 0 hadi 10. Alama hizo hupima ubora wa mpangilio wa utafiti, hazipimi manufaa ya tiba. Jaribio lenye alama 8 linaweza kuwa limeonyesha kwamba tiba haikusaidia kitu. Tena usidharau jaribio la mazoezi kwa kukosa alama 10, kwa sababu baadhi ya alama hutolewa kwa kumficha mgonjwa na mtaalamu wasijue ni tiba gani inayotolewa, na katika mazoezi hilo ni vigumu mno. Mihtasari ya mapitio ya Cochrane, yanayokusanya na kupima majaribio mengi kuhusu swali moja, nayo husomwa bila malipo, na chuo au hospitali iliyojiunga na Research4Life, mpango wa kuzifikishia taasisi za nchi zenye kipato kidogo machapisho ya kisayansi, hupata makala kamili, hivyo muulize mkutubi wako.

Kazi kubwa ni kusoma, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Chukua jaribio la AVERT, lililochapishwa mwaka 2015 likiwa na wagonjwa 2,104 kutoka nchi 5. Kundi moja liliinuliwa kitandani mapema sana na mara nyingi zaidi, na jingine likapata huduma ya kawaida. Baada ya miezi 3, waliokuwa na hali nzuri walikuwa asilimia 46 katika kundi la kwanza na asilimia 50 katika la pili. Msomaji wa muhtasari peke yake anaweza kuhitimisha kwamba mgonjwa aachwe alale, na hilo ni kosa la hatari. Ndani ya makala utaona kwamba hata kundi la huduma ya kawaida liliinuliwa mapema, kwa wastani wa kati wa takriban saa 22 baada ya kiharusi, dhidi ya takriban saa 18 katika kundi jingine. Tofauti kubwa zaidi ilikuwa katika kiasi: takriban dakika 31 kwa siku katika kundi lililoinuliwa mapema sana, dhidi ya 10 katika kundi la huduma ya kawaida. Uchambuzi uliofuata ulihusisha vipindi vifupi vya mara kwa mara na matokeo bora. Kwa hiyo wodini mwinue mgonjwa, lakini katika siku hizo za mwanzo gawa mazoezi yake katika vipindi vifupi, wala usimchoshe kwa nia njema.

Ukishaelewa matokeo, jiulize kama mgonjwa wako anafanana na wale wa kwenye utafiti. Mwaka 2006 jaribio la EXCITE, lenye wagonjwa 222 waliokuwa na miezi 3 hadi 9 tangu kiharusi, lilionyesha manufaa ya kuuvisha glavu mkono usioathirika ili mkono dhaifu ulazimike kufanya kazi. Waliochaguliwa walitakiwa waweze kuinua kiganja na kunyoosha vidole kwa kiasi fulani, na mazoezi yalikuwa hadi saa 6 kwa siku, kwa wiki 2. Mama ambaye vidole vyake havijasogea hata kidogo hayumo katika kundi hilo, na kumfunga mkono wake usioathirika ni kumnyima mkono pekee anaoutegemea kula na kujifunga khanga.

Jamaa za mgonjwa nao wahesabiwe katika uamuzi. Kwetu mara nyingi tunamfundisha ndugu mazoezi, kisha mgonjwa anaruhusiwa kwenda nyumbani. Jaribio la ATTEND la nchini India, lililochapishwa mwaka 2017, lilipima mafunzo ya namna hiyo na kukuta kwamba baada ya miezi 6 waliofariki au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 47 katika kundi ambalo ndugu walifundishwa na asilimia 47 pia katika kundi la huduma ya kawaida. Sioni hapo sababu ya kuacha kuwafundisha ndugu, ila naona sababu kubwa ya kutowaachia peke yao kazi iliyokuwa yetu.

Hatimaye pima. Chora chaki kwenye korido umbali wa mita 10, ukiacha nafasi kidogo kabla na baada ili mwendo utulie, kisha tumia saa ya simu kupima muda wa kutembea siku ya kwanza na kila baada ya wiki 2. Andika pia dakika, marudio na idadi ya vipindi kwa wiki, kwa sababu faili lililoandikwa tu "mazoezi yamefanyika" halimwambii mwenzako atakayempokea mgonjwa kama tiba ilishindwa au haikutolewa ya kutosha.