Ukipanda meli ya kitalii, usikimbilie bufee

Siku ya kwanza kila mtu anapanda na njaa, na wote wanaelekea bufee ya ghorofa za juu. Foleni, mabegi ya mkononi kila kona, meza hakuna. Muulize mhudumu kama ukumbi mkuu wa chakula uko wazi mchana huo. Kwenye baadhi ya meli huwa wazi, ila abiria wengi hawajui.

Ukumbini unakaa, unahudumiwa, na gharama imeshaingia kwenye tiketi. Ukitamani vianzio viwili, au samaki na kuku usiku huohuo, agiza tu. Kwa kawaida huongezewi bili. (Mimi niliona aibu kuagiza usiku wa kwanza, nikalala na majuto.) Kinachokula hela ni soda, pombe na migahawa maalumu, kwa hiyo soma maandishi madogo ya menyu.

Unakula halali, au karanga zinakudhuru? Iandikie kampuni wiki kadhaa kabla, maana mpishi hawezi kwenda sokoni katikati ya bahari. Na nawa kwa sabuni kila unapoingia kula: dawa ya spiriti ya kupaka mikononi haiviwezi vizuri virusi vya noro, vinavyoharisha na kutapisha, na ukianza kuhara unaweza kutengwa chumbani.